Hatua Kumi Gatini Wesha

Tangu nirudi nimeulizwa na kila mtu hapa Moshi, kuanzia wenzangu wa ghalani kiwandani mpaka kinyozi wangu: ilikuwaje Pemba? Kuna aliyesikia kwamba shangazi yangu amekufa, na kuna aliyesikia kwamba amekufa akafufuka. Mmoja, nisiyemtaja, alinipa rambirambi kwa mikono miwili, na nilipomwambia kuwa shangazi yu hai alionekana kabisa kuwa nimemharibia siku. Basi nimeona niandike mara moja, msome, mniache nile chakula changu cha mchana kwa amani. Habari za tiketi na vitambulisho siziandiki. Hazina ladha.

Kwa asiyemjua, Bi Mize ni dada wa marehemu baba yangu. Ana miaka sabini na kitu, anaishi peke yake Wingwi, kaskazini ya Pemba, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, pamoja na ng'ombe wawili na shamba dogo la muhogo. Alikuja kwangu kwa sababu alikuwa akianguka. Anasimama, anaona giza, yuko chini. Daktari wa huku alimpima presha amelala, akampima tena amesimama, akasema presha hushuka anapoinuka, kwa ajili ya dawa anazomeza na kwa sababu hanywi maji. Akampunguzia dawa, akampa masharti: anywe maji, ainuke kwa vituo, na akiona dalili akae au alale papo hapo, popote alipo, bila kuona haya.

Bi Mize aliyasikiliza masharti kwa adabu, lakini hofu yake haikuwa hiyo. Mwanawe Hamadi, mwenye nyumba Chake Chake, alikuwa ameshaapa kwamba mama akianguka tena nyumba ya Wingwi inafungwa, ng'ombe wanauzwa, na yeye anahamishiwa chumba cha uani, nyuma ya jiko, ambako dirisha linatazama ukuta wa jirani. Asubuhi ya kumrudisha Pemba, Bi Mize alinishika mkono.

"Kombo, mwanangu, niapie. N'kianguka njiani, Hamadi asijue."

"Hutaanguka, Shangazi. Uko na mimi."

Nilisema hivyo kwa sababu nina cheti. Mnakijua, kimetundikwa ghalani juu ya kalenda: mafunzo ya siku tatu ya huduma ya kwanza, fremu nimeichonga mwenyewe. Lakini niliapa, maana alinikazia macho mpaka nikaapa.

Moshi hadi Tanga

Basi letu lilikuwa na televisheni, na katika televisheni alikuwamo mchekeshaji aliyepigwa na mkewe kuanzia Moshi mpaka Same. Abiria walicheka kila alipopigwa. Mimi nilikaa nikimtazama dereva, ambaye naye alikuwa akitazama televisheni kwenye kioo chake.

Tulisimama Mombo kula. Kondakta alitangaza dakika ishirini, na kwa sauti ileile, kabla chipsi zangu hazijatiwa chumvi, akaanza kupiga kelele kwamba gari inaondoka. Bi Mize alikuwa amesinzia kitini. Alishtuka, akainuka wima kwa pupa, akashika hewa. Nilimuwahi. Nikamkalisha, nikamwinamisha kichwa mpaka magotini, nikamwambia avute pumzi polepole. Baada ya muda mfupi macho yalirudi.

Hapo ndipo walipojitokeza mabingwa. Basi zima, ambalo saa nzima halikuwa na mtu wa kunipisha nipite, sasa lilikuwa na madaktari arobaini. Mmoja alitaka apewe soda. Mwingine alitaka akandwe shingo. Mama wa kiti cha mbele alitoa kitunguu kwenye mkoba, akakivunja kwa meno, akamsogezea puani.

"Cha nini hicho?" nikauliza.

"Anuse, azinduke."

"Ameshazinduka, mama. Anakutazama."

"Basi anuse asizimie tena," akasema, na kweli alimfuatia nacho mpaka Korogwe. Niliwatolea hotuba. Niliwaeleza damu inavyokwenda miguuni, ubongo unavyokosa haki yake, na jinsi kitunguu kisivyohusika popote katika jambo hilo. Nilizungumza vizuri sana. Aliyekuwa nyuma yangu aliomba televisheni iongezwe sauti.

Tanga, siku nzima bila sababu

Chombo chetu kilikuwa cha mizigo, chenye ruhusa ya kuchukua na abiria, na kilipaswa kuondoka Jumanne alfajiri. Jumanne alfajiri tulikuwa pale. Kilikuwapo chombo, yalikuwapo magunia ya vitunguu, alikuwapo nahodha amelala juu ya magunia. Nilipouliza, karani aliniambia tunangoja mbao. Saa nne mbao zilifika. Tukaanza kungoja wa kuzipakia. Wakaja, wakapakia, wakaenda kula, na waliporudi ilionekana mbao zimepakiwa upande mmoja na chombo kimeinama. Wakazishusha. Nawaambieni kweli, nimefanya kazi ghalani miaka kumi na tisa na sijapata kuona mbao zikitembezwa kiasi kile.

Tuliondoka Jumatano, jua linachomoza. Bi Mize alikaa kwenye gunia, mgongo kaegemeza nguzo, na chupa ya maji niliyompa akaifutika kwapani kama kitu cha kumpelekea mtu zawadi.

"Kunywa, Shangazi."

"N'takunywa."

Hakunywa. Nilipomshikilia sana alinielekeza kwa kidevu. Choo cha chombo kilikuwa na mlango uliofungiwa waya, na ule waya haukufika kwenye msumari. Mlango ulijifunga na kujifungua kwa kufuata mawimbi, mbele ya wanaume thelathini. Mwanamke wa umri wake hawezi kuingia humo, na asiyeweza kuingia humo hanywi. Ilikuwa rahisi mno: ningesimama nikaushika mlango. Badala yake nilimcheka. Nilimwambia bahari haina adabu hizo, nikanywa mimi chupa yangu nzima mbele yake ili ajifunze.

Wesha

Tulitia nanga saa tano, jua limetulia kichwani. Wesha si bandari ya kutisha. Ni gati, banda la bati, mitumbwi, harufu ya samaki, na lango moja ambalo kila mzigo lazima upite ukaguliwe na mtu mmoja. Huyo mtu alikuwa akifungua begi, anatazama, anafunga, kisha anaonekana kusahau alichokiona, anafungua tena. Foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyelalamika, maana Wapemba wakisalimiana vizuri foleni huwa imeshageuka baraza. Habari ya safari, habari ya Tanga, habari ya mwenye pua ile aliyeoa Micheweni.

Mimi nami nilikuwa nikisimulia. Nilikuwa nimempata mzee mmoja msikivu, na nilikuwa namweleza nilivyomwokoa mchomeleaji kiwandani mwaka ule wa joto kali. Bi Mize alikuwa kasimama ubavuni kwangu. Alipiga miayo. Nikaendelea. Akapiga tena, mrefu, na mara ya tatu nikaudhika, nikamwambia kama hadithi inamchosha asikilize ya mwingine. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, matone madogo, na nilidhani ni jua.

"Kombo," akasema, "miye nataka n'kae."

"Hatua kumi tu, Shangazi. Tukitoka hapa tunapoteza nafasi."

Nikarudi kwa mchomeleaji wangu. Sikufika alipodondoka, maana shangazi alidondoka kabla yake. Hakupiga kelele. Alikunjika magoti, akanikwaruza mkono akipita, akalala chini kwenye saruji, ubavu kwa ubavu na begi lake.

Nakiri kwamba kuanzia hapo nilifanya kila kitu sawasawa, na ndiyo maana mambo yaliharibika kabisa. Nilimlaza chali. Nilitazama pumzi: zipo. Nililegeza mtandio shingoni, nikavuta gunia la vitunguu la mtu, nikamnyanyua miguu nikaiweka juu yake, kisha nikaishika isiteleze, nikatazama saa.

Gati lilinilipukia.

"Asilazwe! Asilazwe, yakhe! Ntu halazwi hivyo!"

"Mkalisheni! Mkalisheni apate pumzi!"

Kuna jambo inabidi niwaelezeni ninyi mnaosoma huku bara. Kule kwetu mtu anayezimia hukalishwa. Mmoja humshika mgongo, mwingine kichwa, wa tatu humtia maji mdomoni. Mtu hulazwa chali akanyooshwa kwa sababu moja tu, na baada ya hapo huitwa wenye kuosha. Kwa hiyo mimi, kwa macho ya gati lile, nilikuwa nimekata tamaa haraka mno na ndugu yangu mwenyewe. Wapagazi wawili walimshika mabega wamwinue, nikawasukuma. Bwana mmoja wa kofia alipiga magoti akamwadhinia sikioni, na huyo nilimwacha, maana adhana haimsongi mtu. Aliyekuja na kata ya maji nilimpiga teke kata yake. Nasema kweli, nilifurahi kuipiga.

Sasa, ukimnyanyua miguu mwanamke, nguo hufuata sheria zake. Miundi ya Bi Mize ilionekana. Mtu angedhani nimeibomoa Wesha.

"Astaghfirullah! Mstirini mama wa watu!"

Mama mmoja muuza samaki alivua kanga yake ya juu akamfunika. Hakufunika miguu peke yake. Alifunika kwa moyo wote, kuanzia utosini mpaka kwenye vidole, gubigubi, na kingo akazichomeka vizuri pande zote. Mimi nilikuwa kwenye miguu, macho kwenye saa, nahesabu sekunde. Sikuona.

Ndipo akanijia mtu wa makamo, kikapu cha samaki mkononi. "Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, "huyu si Bi Mize wa Wingwi, mamake Hamadi?"

Nilikuwa na sekunde zangu. Na zaidi ya hapo, nilikuwa na kiapo: Hamadi asijue. Sikumjibu.

"Kaka, nakuuliza. N'yeye?"

Nilimwinulia kiganja kama trafiki. Yule bwana aliitazama kanga, akanitazama mimi nisiye na neno, akainua mikono miwili, akaomba dua kimoyomoyo, akajipangusa uso. Kisha akapanda pikipiki yake akaondoka kwa kasi. Nikasema moyoni, afadhali, mmoja amepungua.

Sekunde ya arobaini na kitu, kanga ikasema: "Mbona giza?"

Mama muuza samaki alikimbia akaacha beseni. Nilimfunua shangazi, na hapo tu ndipo nilipojua alikuwa kafunikwa uso. Alitazama bati, akatazama watu, akatazama miguu yake juu ya vitunguu.

"Hamadi yupo?" akauliza.

"Hayupo."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho tena, safari hii kwa hiari yake.

Wesha hadi Chake, na maswali ya nesi

Alikuwa ameanguka kwenye saruji na kisogoni palikuwa na uvimbe, na aliyeumia kichwa haachwi aende zake hivihivi. Nilikodi gari ya bwana mmoja anaitwa Faki, mpole, anayeendesha kama anasindikiza bibi harusi, tukaenda kituo cha afya. Njiani simu yangu ililia. Hamadi.

"Usipokee," akasema Bi Mize.

Sikupokea. Ikalia tena, na tena, na tena. Nilijiona mtu wa kutunza amana. Mwisho nikaizima kabisa, nikaitia mfukoni, nikampigapiga shangazi begani kumwambia siri yake iko salama.

Nesi alikuwa Bi Zuwena, mfupi, miwani imeshuka puani. Alimpima amelala, amekaa, amesimama. Alimshika kisogo, akamtazama mboni kwa tochi, akamuuliza siku gani leo, yuko wapi, kifua kinauma, moyo unaenda mbio, amejikojolea, ameuma ulimi. Hapana, hapana, hapana. Akamchanganyia maji ya chumvichumvi na sukari, jagi zima, akamsimamia mpaka alipomaliza. Kisha akanigeukia mimi, na mimi, wala sikuulizwa, nikamweleza habari ya cheti.

"Mashaallah," akasema. "Kabla hajaanguka, alipiga miayo?"

"Mara tatu."

"Alitoka jasho?"

"Kidogo. Juu ya mdomo."

"Alisema lolote?"

"Alisema anataka kukaa."

"Na weye, mwenye cheti, ukamjibu nini?"

Bi Mize, mdomo kwenye jagi, alinitazama kwa huruma. Nilisema sikumbuki. Bi Zuwena alipandisha miwani, akaandika kitu kirefu kwenye kadi, na sidhani kama chote kilikuwa kinamhusu mgonjwa. Alituzuia pale mpaka saa nane apate kumtazama, kisha akatuachia kwa maonyo: akitapika, akiumwa sana na kichwa, akizimia naye amekaa au amelala, asingojwe, arudishwe.

Ole

Tulisimama Ole kwa ajili ya madafu, maana nesi alisema anywe na mimi nilikuwa sasa mtu wa kunywesha. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini kando ya nyumba na harufu yake ikaingia garini. Bi Mize alikaa kiti cha nyuma, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi kwa kujikinga na vumbi, akila muhogo wa kuchoma na kunywa dafu la pili. Alikuwa na raha. Alinihesabia mambo atakayoyafanya akifika: banda la ng'ombe, palizi, mlango wa uani unaolegea. Nilimsikiliza, na ilinipita moyoni kwamba hajapata kuizungumzia ile nyumba kama mali. Anaizungumzia kama mtu anayemngoja.

Mkulima mmoja alisukuma baiskeli mpaka dirishani, akamsalimia Faki, akaniinamia mimi.

"Poleni na msiba."

"Msiba gani?"

"Huo wa Wingwi. Siye tumesikia tu, bi kizee mmoja. Wazika baada ya alasiri."

Muhogo ulimwanguka Bi Mize. "Asha!" akasema. "Jamani, Asha kaniacha!"

Bi Asha ni jirani yake, na kwa miaka ishirini wamekuwa wakigombana kwa sababu ya kuku wasiojua mpaka. Bi Mize alilia kuanzia Ole. Alilia kwa haki. Alimsifu kwa mapishi, akamsifu kwa subira, akasema wale kuku walikuwa wake Asha kweli na yeye alikuwa akijua siku zote. "Faki, baba, endesha," akasema. "N'mewahi kumtukana. Lazima n'mwone kabla hajafukiwa."

Faki aliongeza mwendo kidogo sana. Mimi nilikaa mbele nikifikiri mambo makubwa juu ya kifo. Hata mara moja sikuwaza kuwasha simu.

Wingwi

Barabara ya mwisho ni mawe na mashimo, na tulipopinda kwenye migomba niliona majamvi yametandikwa nyumbani kwa Bi Mize. Wanaume walikaa nje wamejiinamia. Uani moshi ulipanda, masufuria ya wali. Nikasema, wamekuja kukaa kwake kwa kuwa kwa Bi Asha ni padogo.

Gari iliposimama watu wote walisimama. Wanaume wanne wakatujia wamebeba jeneza la msikiti, tupu, wakalisogeza nyuma ya gari. Mmoja, macho mekundu, akafungua mlango wa nyuma kwa utaratibu mkubwa.

"Asalamu alaykum," akasema Bi Mize. "Asha mshamuosha?"

Jeneza liliwatoka mikononi, likamponda mtu mguu. Hakuna aliyeitikia salamu. Na kama hayo hayatoshi, shangazi yangu sasa alikumbuka masharti ya nesi. Hakushuka. Aligeuka kitini, akatoa miguu nje, akaitua chini, akakaa. Kituo cha kwanza. Akavuta pumzi. Mbele yake kijiji kizima kimekauka, na marehemu kakaa mlangoni mwa gari anachezesha vidole vya miguu kama alivyofundishwa, damu ipande. Bi Asha alitokeza uani na mwiko mkononi, uso umevimba kwa kilio, na wale wawili wakatazamana.

"Mize?"

"Asha! U hai?"

"Miye n'hai. N'weye ulokufa!"

Bi Mize aligeuza shingo kwangu polepole. Nilitoa simu mfukoni, nikaitazama imezimwa, nikamkumbuka mtu wa kikapu cha samaki na kiganja changu, na yote yakaja kukaa mahali pake. Nikatamani lile jeneza linifae mimi.

Ndipo Hamadi, aliyekuwa Wingwi tangu asubuhi kumngoja mama yake, alipotokea kwa upande wa makaburini. Alikuwa amechimba tangu adhuhuri, mwenyewe, hakutaka kupokewa jembe, hakunywa, hakula. Udongo mwekundu ulimfika mapajani. Mtu alimkimbilia kumwambia akachelewa, alikuwa ameshaona. Alisimama. Jembe likamteleza. Rangi ikamtoka usoni, jasho likamtiririka, na nilimwona kwa macho yangu, mbele ya mama yake aliyefufuka, akipiga miayo.

Nilifungua mdomo. Bi Mize alikuwa ameshawahi.

"Hamadi! Kaa chini! Chini, ntoto, hapo hapo!"

Hamadi hakuwahi kukaa. Alianguka kama nguo kutoka kwenye kamba. Wakamrukia. Mabega, kichwa, kata ya maji, kitunguu kutoka jikoni, kila kitu kilekile, neno kwa neno.

"Mkalisheni!"

"Asikalishwe!" Bi Mize alikuwa amesimama sasa, vituo vyake vimetimia, mkono juu ya mlango wa gari. Sijapata kusikia sauti ile kwa mtu wa umri wake. "Mlazeni chali! Ondosheni maji! Kombo, nyanyua miguu! Asha, rudi na kitunguu chako. Na mwanamke atakayemfunika mwanangu uso, n'tamkata mkono!"

Nilinyanyua miguu. Ndiyo kazi niliyopewa na niliifanya. Bi Mize alikuja polepole, akakaa chini kwenye vumbi, akamlegeza mwanawe shati, akamtazama kifua kikipanda na kushuka. Halafu akawageukia watu akawaeleza, kwa upole, kila kitu: kwamba anapumua, kwamba hajafa, kwamba miguu iko juu ili damu irudi kichwani, kwamba atazinduka sasa hivi. Watu wakatulia, wakarudi nyuma, wakampa hewa. Ilimchukua maneno manane au tisa. Mimi gatini sikuwa nayo hata moja.

Hamadi akafumbua macho.

"Mama. U hai?"

"N'hai. Weye je?"

"Kizunguzungu."

"Usiinuke. Lala." Akampangusa udongo kwenye paji la uso kwa ncha ya kanga. "Hamadi. Kile chumba chako cha Chake, cha nyuma ya jiko, bado kipo?"

"Kipo, Mama."

"Basi kahamie weye. Maana mwenye kuanguka n'weye."

Bi Asha ndiye aliyeanza kucheka, mwiko mkononi, kisha wenye jeneza, kisha kijiji chote. Hamadi alicheka akiwa amelala, machozi yanaingia masikioni. Nyumba haikutajwa tena siku ile, wala siku nne nilizokaa. Wali wa msiba tuliula wote, na marehemu akaongezewa mchuzi. Kaburi, kwa vile wazee wa pale hawapendi liachwe wazi, walizika humo mgomba, na Bi Mize alihudhuria.

Kurudi

Kuhusu kurudi sina mengi. Chombo kilichelewa, mbao zilikuwa zimegeuka kuwa mbuzi. Bi Mize aliniaga kutoka kitandani kwake, akakaa, akashusha miguu, akangoja, akasimama, akanisindikiza mpaka barabarani, na mimi nilimngoja kila kituo bila kusema neno. Ng'ombe wake wazima.

Wesha foleni ilikuwa fupi. Nilipofika mahali pale, nikamwachia mtu begi langu, nikaenda nikarudi kwa miguu kupima. Kutoka alipoangukia shangazi mpaka langoni ni hatua ishirini na sita. Nilimwambia kumi. Na nyuma ya pale alipoangukia, hatua tatu, chini ya lile banda la bati, kuna benchi. Si jipya, limechakaa kwa kukaliwa. Siku ile lilikuwapo, na sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nazungumza.